Mbuzi wa Kumuuliza Mama Mkwe

Mimi ni daktari wa kitu ambacho hakuna mtu kijijini kwetu Githongo, Meru, anayekihitaji. Vyeti vyangu vyote vinahusu RNA, na mama yangu mzazi akiulizwa na wenzake kanisani mwanawe anatibu nini hasa, husema, "Anatibu kwa hadubini," kisha anauliza habari za kahawa. Nikienda nyumbani likizo naletewa magoti, migongo na meno. Nikieleza kwamba mimi si daktari wa namna hiyo, kwamba nafundisha chuoni na kufanya utafiti, wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyefeli mtihani wa mwisho na anaogopa kuwaambia wazazi. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia wapunguze chumvi, na mpaka sasa hakuna aliyedhurika.

Kwa wakwe zangu mambo ni tofauti. Mke wangu ni wa Mbeere, kule Embu ya chini, kwenye joto, ndengu na miiba. Kule mimi ni daktari kamili. Walilisema hilo wazi siku ya mahari, na kwa sababu hiyo wakaongeza mbuzi.

Mama mkwe wangu alikuwa na doa jeusi chini ya unyayo. Kwa mtu aliyechunga mbuzi maisha yake yote katika nchi ile, doa jeusi chini ya mguu ni mwiba, na mwiba hutolewa kwa sindano. Alichokoa mwenyewe. Akachokolewa na wajukuu, halafu na jirani mmoja anayesifika kwa macho makali. Mwiba ukakataa kutoka. Mke wangu alipokwenda kuuangalia na kumpeleka hospitali, haukuwa mwiba tena, na haukuwa umewahi kuwa mwiba. Ilikuwa saratani ya ngozi, ile mbaya, na ilikuwa imekwisha kuanza safari.

"Imepanda juu," mke wangu aliniambia aliporudi nyumbani kwetu Kaaga, Meru mjini.

"Juu wapi?"

"Juu tu."

"Kuna juu nyingi. Goti? Paja?"

Akageukia dirisha. Hapo nikaelewa kwamba ni tezi za kinena, na kwamba mama mkwe amemkataza binti yake kunitajia kinena chake. Basi nikasema, "Aha, juu," tukaendelea na mazungumzo ya kitabibu namna hiyo.

Huku kwetu, kuanzia Meru mpaka Embu, neno la ukwe na neno la aibu ni ndugu wa tumbo moja, na wenye maneno hayo wanayachukulia kwa uzito. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali wakielekeana. Wakikutana njiani mmoja anapata shughuli ya ghafla kichakani. Mambo ya mwili, ukiondoa kichwa na labda jino, hayatajwi kabisa. Vijana wa mjini wanasema hayo yameisha, na huenda yameisha mjini, ila mama mkwe wangu hajahamia mjini. Miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tumesalimiana, tumeulizana kuhusu mvua, na mara moja, kwenye harusi, nilimwambia chakula ni kizuri, akatoka nje kwa aibu.

Na bado nilimpenda. Nalisema hapa kwa sababu sikuwahi kupata mahali pengine pa kulisema. Kila mke wangu alipokwenda kwao, alirudi na asali ya "yule mgeni", na mgeni ni mimi.

Daktari wa saratani kule Nairobi, kijana mpole mwenye viatu vya kung'aa, alipendekeza dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Si ile ya kumwagia mwili sumu na kuomba saratani ife kabla ya mgonjwa. Hii inaingia kwa dripu kila baada ya wiki chache, na kazi yake ni kuwaondolea kizuizi askari wa mwili ili wapigane wenyewe. Nilifurahi kwa namna isiyofaa kabisa. Mgonjwa ni wa familia, nami nimekaa pale kliniki nikitabasamu kama niliyepata kiwanja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Miaka yote natafuta kujua kwa nini dawa hiyo inamwamsha huyu na kumpita yule.

Nieleze mara moja, kisha niwaache. Maagizo makuu ya mwili yamefungiwa ndani ya kiini cha seli na hayatoki. Seli ikitaka kitu kitengenezwe, hunakili kipande cha agizo na kukituma kwa mafundi. Nakala hiyo ndiyo RNA. Sasa, juu ya nakala huwekwa alama ndogondogo za kikemia. Hazibadilishi neno hata moja la agizo, ila ndizo zinazoamua agizo lisomwe upesi, licheleweshwe, au lichanwe kabla halijafika. Kuna vimeng'enya vya kuweka alama, vya kuzisoma na vya kuzifuta. Saratani imejifunza kuzichezea. Ujumbe wa kuwaita askari unawekewa alama ya kuchanwa, ujumbe wa kujificha unasomwa haraka haraka, na askari wakifika wanaambiwa hapa ni salama, rudini. Unaweza kumpa mgonjwa dawa nzuri ya kuwaamsha, na bado wakaamka wasisikie wanaitwa wapi.

Haya niliwaeleza wakwe zangu sebuleni kwao, kwa Kiswahili. Kimeru na Kimbeere vinasikizana nusu, kwa hiyo mambo mazito tunayasema kwa Kiswahili, ambacho wote tunakikosea kwa usawa. Baba mdogo wa mke wangu, ndugu wa marehemu baba mkwe, ndiye mzee wa boma lile. Alinisikiliza huku akitafuna muguka, majani yake ya kuchangamsha, taratibu.

"Kwa hivyo hao askari wamelala?"

"Hawajalala, mzee. Wamedanganywa."

"Na nani?"

"Na saratani."

"Basi hiyo ni kitu ya siasa," akasema, na wote wakaitikia kwa kichwa, wameelewa.

Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, akisikiliza. Aliuliza swali moja kupitia kwa binti yake: je, dawa hiyo inaruhusu mtu kuendelea na mbuzi zake? Nikajibu ukuta kwamba inaruhusu.

Daktari alikuwa ametoa onyo moja kali. Askari wakiamshwa wanaweza kukosea nyumba. Wanaweza kushambulia ngozi, mapafu, na zaidi matumbo. "Akianza kuharisha, mnipigie siku hiyohiyo," alisema. "Si kesho, si baada ya kuonja mizizi. Matumbo yanaweza kutoboka." Akauliza namba ya simu ya kupiga. Kule kwa mama mkwe mtandao unapatikana juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi, na hata hapo inategemea upepo. Mke wangu anafundisha, simu yake inakaa kwenye mkoba siku nzima. Kila mtu akanigeukia mimi, daktari wa familia. Nikaitoa namba yangu kwa fahari.

Hivyo ndivyo, baada ya dripu ya kwanza, muuguzi wa kule Nairobi akawa ananipigia mimi.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anasema hajambo."

"Nauliza choo. Anakwenda mara ngapi?"

"Nitauliza."

"Juzi ulisema utauliza."

Nilikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimemwambia mke wangu, mke wangu akampigia mama yake akiwa juu ya jiwe, na mama yake akasema yuko sawa, akauliza watoto wanaendeleaje na masomo. Jawabu hilo nililipeleka Nairobi kama lilivyo, na muuguzi akaguna. Unaweza kutumia vifaa vya bei mbaya kutafuta alama moja juu ya uzi mmoja wa RNA, na ukashindwa kujua kama mama mkwe ameenda choo.

Tulikwenda kumwona wakati wa likizo ya shule. Tulipitia Kanyakine kwa dada yangu kuchukua ndizi, kwa maana kule chini ndizi za milimani ni zawadi yenye heshima, tukateremka Chuka, tukakata kuelekea Ishiara, na kila kona gari likizidi kuwa oveni. Tulipofika, mama mkwe alinisalimia akiutazama wembamba wa kivuli changu ardhini, akauliza mvua ya Meru, akaingia jikoni. Alikuwa amekonda. Nikajiambia kiangazi kinawakondesha wote.

Niliwekwa sebuleni, kwenye kiti cha heshima, kikielekea mlango uliofunguliwa. Mlango ule unatazama uwanja, na ng'ambo ya uwanja kuna njia ya kwenda shambani, na mwanzoni mwa shamba, pembeni, kuna choo. Siku zote nakaa hapo na siku zote natazama upande mwingine kwa adabu. Lakini siku hiyo jua lilikuwa likichoma macho upande huo, nikawa natazama mbele.

Mama mkwe akapita na jembe begani, mwendo wa haraka. Baada ya muda akarudi. Sijamaliza chai, akapita tena, mara hii na karai. Akarudi. Akapita na panga. Akarudi. Akapita na kamba ya kufungia kuni.

Moyo wangu ulijaa. Mwanamke wa umri ule, mwenye saratani, katika jua lile! Nikamwambia baba mdogo, aliyekuja kunikaribisha, "Mzee, unaona dawa inavyofanya kazi?" Akasema anaona. Sikuweza kukaa. Nilipanda juu ya lile jiwe, nikatafuta upepo mzuri, nikampigia muuguzi mwenyewe.

"Anafanya kazi ya shamba kunishinda," nikamwambia. "Hatulii hata dakika."

"Vizuri sana. Na choo?"

"Nitauliza," nikasema, na nikakata simu kwa furaha.

Nilirudi kitini. Mama mkwe akapita akiwa amebeba kuku.

Nilimtazama yule kuku. Kuku naye alinitazama, kwapani, na macho yake hayakuwa na maelezo yoyote. Nani hupeleka kuku shamba? Nikatazama shamba lenyewe. Ndengu zilikuwa zimevunwa zamani, na udongo ulikuwa umekauka mpaka ukapasuka. Hakukuwa na cha kulima, cha kukata wala cha kufunga kwa kamba. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa jikoni, safi kama la dukani.

Kwa mila zetu mama mkwe haonwi na mkwe akielekea choo. Na wao wananikalisha mimi, kwa heshima zote, mkabala na njia ya choo. Sasa yule mama, kila tumbo lilipomkata, alikuwa akitafuta kwanza kitu cha kubeba. Vitu vyenye maana vilikuwa vimeisha jikoni. Alikuwa amefika kwa kuku.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika nyumba ile, hata siku ya mahari. Nilimwita mke wangu pembeni, nikamwambia, naye akaingia jikoni, na sauti zikaanza kupanda kwa Kimbeere cha kasi. Akatoka akiwa na machozi na hasira kwa pamoja.

"Anasema alikuwa anapeleka kuku aone shamba."

"Mwambie tunajua. Mwambie daktari anataka kujua imeanza lini, ni mara ngapi, na kama kuna damu."

Akaingia. Akatoka.

"Anasema akiniambia mimi amekuambia wewe. Ati tunalala kitanda kimoja."

"Basi aongee na daktari mwenyewe kwa simu! Mimi nitakaa barabarani!"

Akaingia. Akatoka.

"Anasema simu ni yako. Maneno yake yatabaki ndani."

"Basi aingie kwa gari twende Embu, asiseme chochote!"

Hilo mama mkwe alilijibu mwenyewe, kupitia ukuta, kwa Kiswahili, ili nisipate shida. "Mgonjwa ni nani? Mimi nimetoka shamba."

Nilipiga meza. Baba mdogo akaniangalia kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi, akatema muguka, akajifuta mdomo. "Daktari, punguza moto. Hii kitu iko na njia yake."

"Njia gani?"

"Mdomo wa mama umefungwa na ukwe. Ukwe inafunguliwa na mbuzi. Unapeana mbuzi, mimi nasema maneno mbele ya watu, halafu unauliza kile unataka, hata ya choo, na yeye anajibu. Baba yetu alifanya hivyo na mama mkwe wake, huyo mama akiumwa na macho."

"Mzee, matumbo yanaweza kutoboka tukiongea hapa!"

"Ndio maana tusikawie. Mbuzi iko wapi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeoa katika nchi ya mbuzi na siku hiyo hakuna mbuzi. Wote wa majirani walikuwa wamepelekwa mbali, mtoni, kwa sababu ya kiangazi. Katika mazizi yote ya karibu kulikuwa na mbuzi wa kuuzwa katika zizi moja tu, na zizi hilo lilikuwa la mama mkwe.

"Nunua kwake," akasema baba mdogo.

"Nimnunulie mbuzi wake mwenyewe?"

"Mbuzi si ni mbuzi?"

Basi tukaanza kununua. Mimi sebuleni, mama mkwe jikoni, mke wangu katikati akikimbia na bei. Nilitaja bei ya sokoni. Ukuta ukacheka. Ukuta ukasema mbuzi huyo ni jike, mzazi, hajawahi kuugua. Nikasema sinunui wa kufuga, nanunua wa dharura. Ukuta ukasema wa dharura ndio ghali zaidi. Katikati ya mazungumzo mama mkwe akaomba tusimame kidogo, akapita uwanjani na ungo mtupu, nasi sote tukageuza nyuso ukutani mpaka aliporudi, kisha akapandisha bei. Nililipa. Sitaki kusema ni ngapi, na mke wangu ameombwa asiseme.

Mbuzi akaletwa. Baba mdogo akamshika sikio, akalikunjua, akasonya.

"Hii haiwezi. Hii iko na alama ya mama."

Kule kila boma lina alama yake, mkato unaowekwa kwenye sikio la mbuzi akiwa mdogo. Alama ya mama mkwe ilikuwa mkato mmoja mbele. Kwa mujibu wa sikio, mbuzi yule bado alikuwa wake, na huwezi kumpa mtu mbuzi wake ukasema umempa. Niliuliza, kwa sauti ambayo sijivunii, tufanye nini sasa. Mzee alitoa kisu mfukoni, akakipangusa kwenye suruali, akaongeza mkato mwingine mdogo nyuma ya sikio lilelile. Mbuzi akapiga kelele mara moja, akarudi kutafuna ganda la ndizi.

"Sasa hii ni ya Meru," akasema.

Nilibaki nimeduwaa. Mbuzi yuleyule, manyoya yaleyale, ndani hakuna kilichobadilika hata unywele. Mkato mdogo tu, na kila atakayemsoma atampeleka boma lingine. "Hiyo ndiyo kazi yangu!" nikapaza sauti. "Mzee, hiyo ndiyo RNA! Agizo ni lilelile, ni alama tu!" Niliwageukia wote, mikono juu, mwalimu ambaye hatimaye amepata mfano.

Baba mdogo akamtazama mke wangu. "Huyu amekula?" akauliza.

Maneno yalisemwa uwanjani, mbele ya majirani wawili waliovutwa na kelele. Baba mdogo alisema mbuzi huyu ametoka Meru kuja kufungua mdomo wa mama na sikio la mkwe, na kwamba yatakayosemwa leo hayana aibu, na atakayeyacheka ataharisha yeye. Kisha kamba ya mbuzi ikatoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwa mama mkwe. Alimtazama mbuzi wake, akamtazama sikio, akaketi kwenye kigoda. Nikaketi kwenye kingine. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, akanitazama usoni. Alikuwa na macho ya mke wangu, yaleyale, sikuwa nimejua.

"Mama," nikasema. "Mama, je, umekuwa ukiharisha?"

"Umechelewa sana kuuliza," akasema.

Akaanza. Mungu wangu, alivyoanza! Alieleza tangu siku ya kwanza, ilikuwa rangi gani, ikageuka kuwa rangi gani, ni uchungu wa kukata au wa kukamua, na ni upande upi. Alifananisha na magonjwa ya ndama. Alieleza damu, kidogo, kisha si kidogo. Mimi niliyekuwa nikidai majibu nilijikuta natazama kwato za mbuzi, masikio yakiniwaka moto, nikitamani sana tungerudi kwenye mvua. "Usiangalie chini," akanikemea. "Si umelipa?"

Nilipanda jiwe, nikampigia daktari. Nilipomaliza kusema, hakunilaumu wala hakunisifu. Alisema, "Ondokeni sasa," akatangulia kupiga simu hospitalini Embu ili watungojee. Mama mkwe aliingia kwenye gari bila ubishi, akakaa kiti cha mbele, kando yangu, na njia nzima akawa ananiambia simama. Nilisimama. Nikatazama mbele kwa adabu kila mara, ingawa mbuzi alikuwa ameondoa adabu hiyo.

Alilazwa. Akapewa dawa ya kuwatuliza askari walewale tuliohangaika kuwaamsha, na dripu ya maji. Daktari wa pale alisema matumbo yalikuwa yamevimba vibaya lakini hayajatoboka, na kwamba tungechelewa zaidi angekuwa anatuambia maneno mengine. Mke wangu alilia kwenye korido. Mimi nilienda nyuma ya jengo la kufulia nguo, nikasimama pale nikihesabu mashuka yaliyoanikwa.

Tumbo lilitulia polepole. Dawa ya kule Nairobi ikasimamishwa kwanza. Wangempiga picha, wangeona kama saratani imepungua au inaendelea na safari yake, kisha wangeamua. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Mchungaji wao alikuja akamwambia amekwisha kupona kwa imani. Shemeji zangu walikuja wakamwambia atapona, anaonekana vizuri. Mama wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga na asiyejua lolote, naye alimwambia atapona.

Asubuhi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mke wangu alikwenda kuchukua dawa dirishani. Mimi na mama mkwe tulibaki kwenye benchi la veranda, juani. Nilikuwa nikitafuta la kusema kuhusu mvua.

"Daktari," akasema. "Hiyo kitu unasomanga huko kwa hadubini. Si ndio hii yangu?"

"Ni hiyo, mama. Karibu ile ile."

"Basi wewe utaniambia. Nitapona?"

Mbuzi yule nilikuwa nimemnunua ili niulize mimi. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba mdomo ukifunguliwa, na yeye atakuwa na lake. Nilikuwa na hotuba tayari, ile ninayowapa wanafunzi: kuna wagonjwa ambao askari wao huamka na kulinda kwa miaka mingi, kuna ambao hawaamki kabisa, na huenda sababu iko kwenye zile alama, na watu wanajaribu dawa za kuzifuta. Kila neno lake ni la kweli. Nilifungua mdomo na hotuba ikakataa kutoka.

"Sijui, mama," nikasema. "Hilo ndilo swali ninaloamkia kila siku kazini. Bado sijalijibu."

Akanigeukia.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Na daktari wa Nairobi hajui. Hakuna anayejua."

Akavuta pumzi ndefu, akaiachilia, na mabega yake yakashuka. Nilidhani nimemvunja moyo.

"Mimi nilifikiri nyinyi wote mnajua," akasema. "Mnajua nakufa, mkakubaliana kunificha. Ndio maana kila mtu anakuja na hiyo utapona, utapona, na hata sijamuuliza."

"Hapana, mama. Hatujui."

"Sema tena."

"Hatujui," nikasema, na mara hii sauti ikanikatika katikati ya neno, nikashindwa kulimalizia. Mama mkwe akanitazama, mtu mzima nikilia juani mbele ya wagonjwa, akaniambia pole.